Kaunti ndogo au kaunti kubwa? Barnes wa Staffordshire na Rhodes wa Yorkshire

Kijana anayecheza kriketi Uingereza akianza kuonekana, hufika njia panda ambayo haijabadilika sana kwa zaidi ya miaka 120. Upande mmoja kuna kaunti 18 za daraja la kwanza, zenye mikataba, makocha, madaktari na mshahara. Upande wa pili kuna zile zilizojulikana miaka yote kama kaunti ndogo, na ambazo tangu 2020 zinaitwa Kaunti za Kitaifa: Staffordshire, Norfolk, Devon, Cornwall, Northumberland na nyinginezo, jumla timu 20 ukihesabu na Wales. Huko unaitwa siku chache kwa msimu, kazi yako ya kila siku unabaki nayo, na Jumamosi unaichezea klabu yako ya ligi. Watoto wa familia zilizohamia Leicester na London kutoka Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wanaikuta njia panda hiyohiyo, na wazazi wao mara nyingi hawana wa kumuuliza.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba mwenye kipaji aende kaunti kubwa, na asiye nacho abaki kwenye ndogo. Silikubali jibu hilo, na ushahidi wangu ni watu wawili wa kizazi kimoja ambao waliichezea England pamoja na kufuata njia tofauti kabisa. Sydney Barnes alizaliwa Smethwick, Staffordshire, mwaka 1873. Wilfred Rhodes alizaliwa Kirkheaton, Yorkshire, mwaka 1877. Wote wawili walikuwa warushaji, wote walicheza kwa kulipwa katika enzi ambayo nahodha na viongozi walikuwa mabwana wa ridhaa, na wote walicheza hadi umri ambao wenzao walishasahau hata walikoziweka pedi zao za miguuni.

Kwanza tuwaweke ubavu kwa ubavu. Kwa mgeni wa kriketi: Testi ni mechi ya kimataifa ya siku kadhaa, mkimbio ni pointi ya mpigaji, wiketi ni kumtoa mpigaji mmoja, na kwa mrushaji wastani mdogo ndio bora.

| | Barnes | Rhodes |
|---|---|---|
| Kaunti aliyoitumikia | Staffordshire, 1904–1914 na 1924–1935 | Yorkshire, 1898–1930 |
| Mechi za daraja la kwanza | 133 | zaidi ya 1,100 |
| Wiketi za daraja la kwanza | 719 | zaidi ya 4,000 |
| Mechi za Testi | 27 | 58 |
| Wiketi za Testi | 189 | 127 |
| Wastani wa mikimbio kwa wiketi, Testi | 16.43 | 26.96 |
| Mikimbio aliyopiga katika Testi | michache | 2,325 |

Itazame mistari miwili ya katikati. Rhodes alicheza mechi za Testi zaidi ya mara mbili ya Barnes, lakini Barnes ndiye mwenye wiketi nyingi zaidi. Ni kweli kwamba Rhodes aliwahi kuiacha kazi ya kurusha kwa miaka kadhaa na kuwa mpigaji, kwa hiyo hesabu hiyo haimtendei haki yote. Hata hivyo, mtu wa kaunti ndogo anayetoa wiketi 7 kwa kila mechi ya Testi si mtu aliyebaki chini kwa kukosa uwezo.

Jinsi mfumo ulivyo

Mashindano ya kaunti ndogo yalianza 1895. Tangu mwanzo yalikuwa na mlango wa kupandia: Worcestershire walitawala miaka ya 1896 hadi 1898 na mwaka uliofuata wakaingia daraja la kwanza. Northamptonshire wakafuata 1905, Glamorgan 1921, na mwisho Durham 1992. Durham walikuwa wameshagonga mlango huo kwa kishindo mwaka 1973, walipowafunga Yorkshire katika mashindano ya mtoano, kaunti ndogo ya kwanza kuifunga kaunti kubwa katika mashindano rasmi ya aina hiyo.

Enzi za Barnes mechi ya kaunti ndogo ilikuwa ya siku 2, na mechi zenyewe zilikuwa chache kwa msimu. Leo ni siku 3, na pia kuna mashindano ya ova 20 na ya ova 50 (ova ni mipira sita). Kaunti kubwa hucheza mechi za siku 4 kuanzia Aprili hadi Septemba, na katikati zinaingizwa mechi fupi za jioni zenye mashabiki na televisheni. Tofauti hiyo ya idadi ya siku ndiyo mzizi wa karibu kila kitu nitakachosema hapa chini.

Pesa

Barnes aliichezea Warwickshire mechi chache sana kati ya 1894 na 1896, akaona klabu ya ligi inamlipa vizuri zaidi. Akaenda Rishton, kisha Burnley, klabu za Ligi ya Lancashire. Hizi ni klabu za miji ya viwanda vya pamba, zilizokuwa zikiajiri mchezaji mmoja wa kulipwa na kumtarajia ashinde mechi Jumamosi mbele ya watu waliotoka kazini mchana huo. Mkataba ulieleweka: siku zako ni hizi, malipo yako ni haya.

Alijaribu kaunti kubwa pia. Misimu ya 1902 na 1903 aliichezea Lancashire kikamilifu, na mwaka wa pili akachukua wiketi 131. Mwisho wa msimu hawakuafikiana kuhusu mkataba. Barnes alitaka uhakika wa kesho yake, uongozi haukuwa tayari kumpa anachotaka, akaondoka. Kuanzia 1904 akawa wa Staffordshire katikati ya wiki na wa klabu ya ligi mwisho wa wiki. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, lakini Barnes alizishika mbili kwa muda mrefu na hazikumponyoka.

Rhodes aliingia Yorkshire wakati nahodha wake, Lord Hawke, alikuwa ameshaanzisha malipo ya majira ya baridi kwa wachezaji wa kulipwa. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Kabla ya hapo, mchezaji aliyeshangiliwa Agosti angeweza kukutwa Desemba akitafuta kibarua. Yorkshire walimpa Rhodes utulivu, na yeye akawapa miaka 32, ambamo kaunti ilichukua ubingwa mara 12. Lakini utulivu huo ulikuwa na masharti. Unacheza unapoambiwa, unasafiri unaposafirishwa, na mwenye neno la mwisho ni nahodha, ambaye kwa desturi ya siku zile hakuwa mtu wa tabaka lako.

Leo mizani imegeuka. Kaunti kubwa ndiyo yenye mshahara wa kueleweka. Kaunti ndogo kwa wengi ni heshima na gharama za safari, na pesa inayopatikana iko kwenye klabu ya ligi au kwenye kazi yako. Kwa hiyo ukiona mtu anakuambia ufuate njia ya Barnes kwa ajili ya pesa, mwambie zama zimebadilika. Kinachobaki kuwa kweli ni kile alichokuwa akikidai: kujua kwa maandishi nini kitakupata msimu ukiisha. Mkataba wa mwaka mmoja wa kaunti kubwa bila chochote cha baridi unaweza kuwa dhaifu kuliko kazi nzuri ya ofisini pamoja na mechi za Staffordshire.

Mwili

Hapa ndipo kwenye uzito, hasa kama wewe ni mrushaji.

Barnes hakuwa mrushaji wa polepole. Alikuwa mrefu, mwenye mikono mikubwa, akirusha kwa kasi ya wastani kuelekea juu, na katika kasi hiyo akaufanya mpira uzunguke upande wowote aliotaka kwa nguvu ya vidole. Ni kazi inayochosha bega, goti na vidole vyenyewe. Katika safari yake ya kwanza ya Australia, 1901–02, alichukua wiketi 13 katika mechi ya pili, kisha katika mechi ya tatu goti likamtoa na safari ikaishia hapo. Mwili ulishampa onyo.

Baada ya kuhamia Staffordshire alirusha ova chache zaidi kwa mwaka kuliko mrushaji yeyote mkubwa wa kaunti za juu, na angalia kilichofuata. Alikuwa na miaka 38 alipowamaliza Waaustralia Melbourne mwaka 1911. Alikuwa na miaka 39 msimu wa 1912 alipochukua wiketi 39 katika mechi 6 za Testi nyumbani. Alikuwa na miaka 40 alipokwenda Afrika Kusini, 1913–14, na kuchukua wiketi 49 katika mechi 4 tu, 17 kati ya hizo katika mechi moja ya Johannesburg. Rekodi ile ya wiketi 49 katika mfululizo mmoja wa Testi haijavunjwa hadi leo. Mechi ya tano hakucheza, kwa sababu ya mgogoro wa malipo. Ndiye Barnes huyo.

Wala haikuishia hapo. Mwaka 1928, akiwa na miaka 55, aliichezea Wales dhidi ya West Indies na kuchukua wiketi 12. Mwaka uliofuata timu ya pamoja ya kaunti ndogo ilikutana na Waafrika Kusini, na mzee wa miaka 56 akawaangusha 8 kwa mikimbio 41. Kwa Staffordshire peke yake alikusanya wiketi 1,441 kwa wastani wa mikimbio 8.15. Ukiambiwa wapigaji wa huko walikuwa dhaifu, kumbuka kwamba wale waliotoka Australia na Afrika Kusini hawakuwa dhaifu, na walianguka vilevile.

Rhodes naye alidumu, tena kwa kazi nzito zaidi: mwaka 1900 pekee alichukua wiketi 261. Lakini alikuwa mrushaji wa polepole wa mkono wa kushoto, hatua chache tu kabla ya kuachia mpira. Mwili wa namna hiyo unaweza kuhimili kurusha kila siku tangu Mei hadi Septemba. Mrushaji wa kasi akiiga ratiba ya Rhodes anajitafutia mgongo mbovu akiwa na miaka 24. Makocha wa leo wanahesabu idadi ya mipira anayorusha kijana kwa wiki, jambo ambalo Barnes alilifanya kwa kuchagua mwajiri.

Kuonekana na wateuzi

Kwenye hili kaunti ndogo inashindwa, na sioni sababu ya kulipamba.

Barnes aliitwa England kwa mara ya kwanza kwa bahati ya mtu mmoja. Archie MacLaren, nahodha aliyekuwa akiunda kikosi cha kwenda Australia mwaka 1901, alimkabili mazoezini, akampa mechi ya Lancashire dhidi ya Leicestershire mwisho wa msimu, Barnes akachukua wiketi 6, safari ikapatikana. Alitoka kwenye klabu ya Burnley moja kwa moja hadi Sydney, na katika zamu yake ya kwanza kabisa ya Testi akachukua 5. Lakini MacLaren angekuwa mahali pengine wiki ile, pengine tusingelijua jina la Barnes.

Baada ya 1902, bingwa huyu alikaa miaka mitano bila kuchezea England. Safari ya Australia ya 1903–04 hakuchukuliwa. Rhodes alichukuliwa, akarudi na wiketi 31, 15 zikiwa za mechi moja ya Melbourne. Barnes alicheza mechi 27 za Testi katika maisha yake, na 10 tu kati ya hizo zilikuwa kwenye ardhi ya Uingereza. Tabia yake ngumu ilichangia, lakini umbali na wateuzi ulichangia pia. Rhodes alikuwa mbele ya macho yao kila wiki, na hata alipofikisha miaka 48, mwaka 1926, walimkumbuka wakamwita uwanja wa Oval, London, kwenye mechi iliyorudisha taji la Ashes, linaloshindaniwa na England na Australia. Alichukua wiketi 6. Mechi yake ya mwisho ya Testi aliicheza Kingston, Jamaika, 1930, akiwa na miaka 52, na hakuna aliyecheza Testi akiwa na umri mkubwa zaidi.

Kukuza ufundi

Sasa jambo ambalo kwangu ndilo linaloamua.

Mwaka 1902 kwenye uwanja huohuo wa Oval, Rhodes alitoka kupiga akiwa wa mwisho, nambari 11. England walihitaji mikimbio 15 na wiketi moja tu imebaki. Yeye na George Hirst, Myorkshire mwenzake, waliipata, karibu yote kwa mikimbio ya mojamoja, na England wakashinda. Miaka isiyofika 10 baadaye, mtu huyohuyo alifungua zamu ya kupiga ya England Melbourne akiwa na Jack Hobbs, wakaunganisha mikimbio 323 kabla wiketi ya kwanza haijaanguka. Rhodes alipata 179, moja zaidi ya Hobbs.

Safari ile ya kutoka nambari 11 hadi nambari 1 haiwezekani kwa mechi 10 kwa mwaka. Mpigaji anajengwa na makosa ya jana anayopata nafasi ya kuyasahihisha leo. Akitolewa Jumatatu kwa mpira uliopinda nje, Alhamisi anahitaji kukutana na mpira uleule kutoka kwa mrushaji mzuri zaidi. Kaunti kubwa inampa hilo. Kaunti ndogo inamwacha asubiri wiki mbili, na mvua ikinyesha, nne.

Mrushaji ana nafuu, kwa sababu anaweza kujifunza mengi kwenye nyavu za mazoezi na kwenye ligi. Barnes aliuboresha ule mpira wake wa kupinda kutoka mguuni katika Jumamosi nyingi za ligi, kwenye viwanja vya kila namna, vikavu na vilivyolowa. Katika safari ileile ya 1911–12 ambayo Rhodes na Hobbs walipiga 323, Barnes alionyesha alichojifunza. Nahodha Johnny Douglas alikuwa amemnyima mpira mpya wa kuanzia zamu mechi ya kwanza, akaukamata mwenyewe, na England wakafungwa. Melbourne, mechi ya pili, akampa. Wapigaji wa Australia wakaanza kuanguka: Bardsley akaondoka, Kelleway akaondoka, Clem Hill akapinduliwa kigingi, Armstrong akadakwa nyuma. Minnett alipofuata, Barnes alikuwa na wiketi 5 kwa mikimbio 6 baada ya ova 11. England walishinda mechi hiyo na zote zilizobaki, Barnes akamaliza na wiketi 34. Shule yake ilikuwa Staffordshire na ligi.

Njia ya tatu

Kuna pia Michael Falcon wa Norfolk, mtu wa ridhaa, aliyekuwa na njia yake ya kujitafutia riziki nje ya kriketi. Aliichezea Norfolk tangu 1906 na kuwa nahodha wake tangu 1912 hadi 1946, na katikati akawa mbunge kwa miaka mitano. Agosti 1921 Waaustralia walikuwa hawajafungwa Uingereza msimu mzima. MacLaren, sasa mzee, aliunda timu ya wachezaji wa ridhaa kuwakabili Eastbourne, timu hiyo ikaangushwa kwa mikimbio 43, na watu wakaanza kuondoka. Falcon alichukua wiketi 6 kwa mikimbio 67 na kuwazuia wageni wasitoroke. Timu ya MacLaren ikashinda kwa mikimbio 28. Falcon akarudi Norfolk. Kwa mwenye kazi anayoipenda, huo ni mfano bora kuliko wa Barnes, maana hauhitaji ugomvi na mtu.

Nani achague nini

Kama wewe ni mpigaji, au mrushaji wa polepole, una chini ya miaka 22, na kaunti ya daraja la kwanza imekupa mkataba, saini. Hata wa mwaka mmoja. Unahitaji idadi ya mechi ambayo huipati penginepo.

Kama wewe ni mrushaji wa kasi wa umri huohuo, saini pia, lakini kabla ya kuweka kalamu uliza nani anahesabu mipira yako, na kama klabu ya ligi nayo itakudai siku ileile. Mkenya Collins Obuya alichukuliwa na Warwickshire baada ya kung'ara Kombe la Dunia la 2003 kwa mpira wake wa kuzungusha. Goti likamsumbua, na baadaye akajulikana zaidi kama mpigaji. Naye hakuwa hata wa kasi.

Kama umevuka miaka 25, una kazi au masomo yanayokwenda vizuri, na kaunti kubwa inakupa ahadi za mdomo tu, nenda kaunti ndogo bila kujiona umeshindwa. Kiwango ni cha kweli, mechi za siku 3 zitakufundisha subira, na wengi utakaowakuta humo wamewahi kupita kaunti kubwa na watakueleza kilichotokea huko.

Mwenye hamu ya kupanda akiwa bado yuko chini ana milango miwili, na ni vizuri aijue mapema. Timu za pili za kaunti kubwa huwachukua wachezaji wa majaribio wakati wa msimu, na wengi wao hutokea Kaunti za Kitaifa. Na tangu miaka ya karibuni kaunti ndogo hupangiwa mechi za ova 50 dhidi ya kaunti kubwa kabla ya mashindano ya kiangazi kuanza. Ni siku moja tu, lakini kocha wa timu ya pili anakuwa amekaa pale pembeni na daftari. Muulize nahodha wako mwezi Aprili tarehe yake ni lini, na umwambie mwajiri wako siku hiyo hutakuwepo kazini.